Kamera Iko Kati ya Magoti

Ngara
Jumatatu, 3 Machi 2025

Thuo beta, mwanangu,

Ile sauti ulirekodi ukanitumia kwa simu nimeiskia. Ni sekunde arobaini za kupumua, halafu "Madam," halafu gari inapiga honi, halafu imekwisha. Komal ameicheza mara tatu tukidhani simu ndiyo mbaya.

Kwa hivyo tutafanya hivi. Utaniandikia barua. Karatasi na biro, kama watu wa zamani. Umpe Mwololo wa pikipiki, ataniletea hapa Ngara, na majibu atakurudishia hapo studio Hurlingham. Nimeshaongea naye.

Kama Norman na haraka yake ya prodyuza hajawaambia vizuri: wiki iliyopita nilipasuliwa jicho la kulia. Ile ngozi ya nyuma ya jicho, ya kuonea, ilikuwa imebanduka. Wameirudisha na wakaweka gesi ndani iishikilie, na hiyo gesi inafanya kazi nikiwa nimeangalia chini tu. Nikilala, uso chini. Nikikaa, uso chini. Hakuna skrini, hakuna kusoma, hakuna kuinua kichwa. Komal, mtoto wa dada yangu, ndiye macho na mkono. Mimi nasema, yeye anaandika.

(Komal hapa. Masi, ndivyo namwita dada ya mama, anasema haraka kuliko naandika. Na kuna neno moja la Kigujarati kuhusu daktari nimeliruka.)

Sasa kazi. Filamu yetu ya kuchora inaonyeshwa watu tarehe ishirini na tisa. Kila kitu kimeisha isipokuwa kipande cha kusukwa, na hicho ndicho filamu yenyewe. Mama anamsuka Wangeci alasiri. Kesho mama anapanda ndege kwenda kufanya kazi za nyumba Ghuba, na mtoto bado hajaambiwa. Dakika moja na nusu, hakuna neno hata moja. Kama watu hawataskia kitu hapo, basi tumechora katuni ya nywele.

Nilikupa wewe kamera ya hicho kipande. Norman aliniuliza mbona si Dan, ambaye amesomea. Nikamwambia subiri uone. Amekubali kusubiri hadi Ijumaa ya tarehe ishirini na moja. Ikifika hapo na hakuna kitu, Dan atakimaliza vile storibodi yangu, ile michoro ya mpango, inasema. Usiniangushe, na usiniambie "iko poa" kama haiko.

Tara


Hurlingham
Jumatano, 5 Machi

Kwa Madam Tara,

Salamu nyingi. Pole kwa jicho. Pole pia kwa ile ya kupumua. Nilikuwa nimepanga maneno yote kwa kichwa, nikaenda kusimama nyuma kwa tangi ya maji ndio Dan asiskie. Kubonyeza tu, zote zikaenda.

Barua ya mwisho niliandika nikiwa darasa la saba. Ilikuwa ya mwalimu, naomba ruhusa niende kwa mazishi ya mjomba. Huyo mjomba ata hakuwako. Kwa hivyo ukiona makosa usishangae.

Kwanza nataka kusema kitu sijawai kusema. Asante. Ile siku ulikuja Kenyatta Market kula nyama na wageni wako, mimi nilikuwa juu ya ngazi na rangi, nafuta mbuzi nilikuwa nimechora kwa ukuta. Mwenye bucha, Kinyanjui, alikuwa ananifokea, "Nani alikwambia uchore mbuzi anaangalia kastoma? Watu wanakula huku wanaangaliwa na huyo mnyama! Wateja wangu wanashindwa kumeza!" Na wewe ukasimama ukasema, "Usifute. Nani amefikiria hii?" Nilidhani naongezewa kelele. Nilikuwa nimechora huyo mbuzi venye nilikuwa namwona nikikaa chini kando ya karai yake ya maji, nikifikiria yeye ananionaje. Sikujua hiyo ni kitu mtu anaweza lipwa nayo. Karibu miaka mbili sasa nakaa kwa kiti inazunguka, na kuna dirisha. Kila asubuhi naingia naangalia kama kiti bado iko.

Sasa kipande. Iko poa. Nimefuata storibodi yako. Kamera iko mlangoni. Tunaona chumba chote, mama kwa kochi, Wangeci kwa kigoda katikati ya magoti yake. Halafu tunasogea pole pole mpaka karibu na uso wa mama, machozi inatoka. Halafu tunaona uso wa Wangeci, hajui. Norman ameangalia akasema ni safi.

Ni hayo tu.

Wako,
Thuo


Ngara
Ijumaa, 7 Machi

Thuo,

Nilikwambia usiniambie "iko poa." Umeandika ukurasa mzima kuhusu mbuzi na mistari sita kuhusu kazi. Mtu akikimbia hivyo, kuna kitu kinamfukuza. Ni nini?

Nitakusaidia. Nimelala hapa siku ya kumi na moja. Kitanda kina tundu la uso kama kile cha kukandwa mgongo. Ninachoona ni vigae vinne, na miguu. Nimejua watu kwa miguu. Dada yangu akiwa na wasiwasi anasimama kwa mguu mmoja. Jirani yetu Moiz akija kunisalimia, viatu vyake vinaangalia mlango kabla hajaketi. Hakuna uso hata mmoja nimeona, na sijawahi kuwaelewa watu hivi.

(Miguu yangu mimi, amesema nikikunja vidole nimechoka. Sasa navaa soksi.)

Kwa hivyo nimeanza kufikiria ile storibodi. Nimeweka kamera mlangoni. Nani amesimama mlangoni? Hakuna mtu kwa hiyo nyumba isipokuwa wawili. Mimi ndiye nilisimama hapo, mama mzima na kahawa mkononi, nikiangalia watu wangu wakiumia kwa mbali. Na wewe uliona, sivyo? Uliona na ukaogopa kuniambia.

Nimewaambia nyinyi wote: kamera ni mtu. Muulize yeye ni nani, amekaa wapi, anataka kuona nini na anaogopa kuona nini. Sasa nenda ukamuulize. Na uniandikie ukweli.

Tara


Hurlingham
Jumatano, 12 Machi

Madam Tara,

Ni ukweli. Niliona. Kila nikiangalia kile kipande nilikuwa naskia ka niko kwa dirisha ya jirani. Lakini ni storibodi yako na mimi ni nani.

Basi Jumamosi nilikuja kazini peke yangu, nikatoa kamera mlangoni nikaweka kwa macho ya Wangeci. Nikasema, huyu ndiye anaumia kesho, wacha tuone venye anaona. Kichwa chini. Sakafu, chanuo, magoti ya mama pande zote. Dakika moja na nusu yote hivyo. Nilipenda sana. Nilifikiri nimemaliza.

Lakini mimi sijawai kusukwa. Nikaona si mbaya niulize wenyewe. Jumapili mchana nikaenda Kenyatta Market na kile kipande kwa simu, kwa kibanda ya Waringa. Yeye anasuka hapo tangu nikiwa napaka rangi kwa Kinyanjui, ananijua ka mtu wa kusalimia tu na kupita. Walikuwa wanne, na kastoma wawili vichwa zimesukwa nusu. Nikampa simu nikarudi nyuma hatua mbili.

Wakaangalia. Halafu Waringa akasema, "Hii ni sakafu ya nani?"

Mwingine akasema, "Na haijapigwa deki."

"Kaka, umetuletea sakafu tuangalie?"

"Labda anauza vigae."

Wakacheka mpaka kastoma mmoja akaambiwa atulie, mstari unapinda. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Waringa hakunirudishia simu. Akaangalia tena. Akasema, "Huyu mtoto anasukwa ama amekufa? Kichwa haisongi."

Nikamwambia ameinama.

"Ameinama, ndiyo. Lakini nani amemwinamisha? Wewe hujui kusukwa. Mtu akisukwa kichwa si yake. Ni ya msusi. Kuja hapa."

Nikasema hapana mathe, niko sawa.

"Kuja hapa, haya ya nini? Una nywele gani ya kuharibu?"

Madam, nilikaa kwa hicho kigoda mbele ya soko yote. Nilichukua simu yangu nikaishika kwa paji ya uso, kamera ikiangalia mbele, nikawasha video. Akanishika kichwa. Akasukuma kushoto, nikaona ndoo. Akavuta nyuma kidogo, nikaona mguu ya mtu anapita. Akasukuma chini, kidevu ikafika kifuani, nikaona tumbo yangu. Kila mstari mpya, dunia inageuka, na si mimi nageuza. Akiwa na hasira na mwenzake anasukuma haraka. Akicheka mkono inatetemeka na mimi natetemeka. Nilikuwa najua kila kitu anaskia, na sijaona uso yake ata kidogo.

Halafu mtu akamwita, akaacha. Akatoa mikono tu, dakika moja ivi. Na unajua nilifanya nini? Niliinua kichwa kumtafuta.

Hapo ndio nikajua. Kamera iko kati ya magoti, kwa macho ya Wangeci, lakini si Wangeci anaisogeza. Ni mikono ya mama. Hatuoni mama akilia. Tunaona dunia inasukumwa, inavutwa, mstari baada ya mstari, halafu mahali moja inasimama. Mikono imetoka. Na hapo kamera inajisogeza yenyewe mara ya kwanza, inapanda, inamtafuta mama. Ikikaribia uso, mkono inarudi inasukuma kichwa chini. Sakafu tena. Basi.

Nilimwambia Waringa hadithi ya filamu. Akauliza, "Umemchorea matuta kubwa?" Nikasema ndiyo, matuta sita. Akasema, "Mtoto ambaye mamake anasafiri mbali hasukwi kubwa. Anasukwa ndogo ndogo, zikae miezi mbili, juu mama hajui nani atamsuka tena. Sisi hapa mtu akileta mtoto aseme suka ndogo kabisa, hatuulizi anaenda wapi." Wale wengine hawakucheka hapo.

Nimebadilisha matuta. Ziko ishirini na mbili.

Lakini hakuna machozi tena kwa filamu, na wewe ulichora machozi. Norman amesema storibodi ni yako, na ni wewe tu unaweza kuibadilisha. Nangoja useme. Ukisema hapana narudisha mlangoni, na sitakasirika.

Asante kwa kuniuliza nani amesimama mlangoni. Hakuna mtu amewai kuniuliza kitu akingoja jibu ivyo.

Thuo


Hurlingham
Jumapili, 16 Machi

Madam Tara,

Mwololo anasema alipeana barua kwa mlango Jumatano na hajaitwa kuchukua ingine. Nimemuuliza mara tatu mpaka ameanza kuniepuka kwa steji.

Nafikiri umekasirika. Uko na haki. Ulinichukua kwa ngazi ukanipa kiti, na mimi nimeshika storibodi yako nikageuza mbele nyuma. Tena nikaenda kuonyesha watu sokoni kabla wewe.

Dan ameshafungua kile kipande kwa kompyuta yake. Si mtu mbaya. Aliniambia, "Msee, mimi ata ya kwako nimeipenda, lakini Norman anataka neno ya Madam, na Ijumaa ni Ijumaa." Norman naye amesema hivyo hivyo, kwa upole, hiyo ndio mbaya zaidi.

Kama ni hapana, niambie hapana. Nitaskia vibaya siku mbili halafu nitapona.

Thuo


Ngara
Jumanne, 18 Machi

Thuo,

Hii ni mimi Komal peke yangu. Masi amelala na hajui nakuambia haya.

Hajakasirika. Barua yako ya Jumatano ilifika, lakini siku iliyofuata asubuhi tulimrudisha hospitali. Ile ngozi ilikuwa imebanduka tena. Wamempasua mara ya pili. Alikataa katakata tukuambie. Alisema, "Thuo akiskia ataacha kazi aanze kuniombea." Sasa ameanza upya, uso chini, na yuko mkali kuliko mwanzo, kwa hivyo nadhani ni yeye bado.

Nimemsomea barua zako zote mbili leo asubuhi. Ile sehemu ya Waringa alicheka mpaka nikaogopa ile gesi. Halafu akasema: "Hii ni ya kuona. Siwezi kusema ndiyo kwa kitu sijaona, hata kama ni ya Thuo. Na siwezi kusema hapana. Mwambie anionyeshe."

Nikamuuliza, "Akuonyesheje na huwezi kuangalia skrini?" Akasema hiyo ni kazi yako wewe, Thuo.

Samahani. Najua Ijumaa iko karibu. Mimi daktari ameongea na mimi mambo mengi wiki hii na kichwa changu kimejaa, sina wazo lingine la kukupa.

Komal


Hurlingham
Jumatano, 19 Machi

Komal,

Asante kwa kuniambia. Nimemwombea, lakini sijaacha kazi, umwambie hivyo.

Nimefikiria tangu jana. Hii barua ni ya mikono yako. Uisome yote kwanza peke yako, uishike kwa kichwa. Usimsomee.

Madam akae kwa kiti ya chini, uso chini venye daktari amesema. Wewe ukae nyuma yake, juu kidogo, kwa kitanda, magoti yako ikuwe pande mbili ya mabega yake. Usimwambie inaanza. Wangeci pia haambiwi.

Mshike kichwa na mikono miwili, kidole gumba nyuma ya masikio. Hesabu mpaka tatu. Sukuma kushoto, kidogo tu, haraka haraka, ka mtu ana kazi nyingi. Chora mstari na kidole kutoka mbele mpaka shingoni. Hiyo ni tuta moja. Sukuma kulia. Tuta ya pili. Kushoto tena. Hapa bado mama anajifanya ni siku ya kawaida, kwa hivyo mikono yako ikuwe ya kawaida.

Tuta ya tano, fika shingoni lakini usitoke. Kaa hapo. Halafu endelea, lakini sasa pole. Kila tuta inachelewa kuliko ingine, juu zikiisha, mama ameenda. Usivute nywele. Mama alikuwa anavuta mwanzo, sasa havuti tena.

Tuta ya nane, ukiwa katikati, simama. Toa mikono. Zote mbili, kabisa, ata magoti isimguse.

Hapo kwa filamu Wangeci anainua uso. Madam haruhusiwi. Usimwinue, na yeye asijiinue, tafadhali, jicho yake ni muhimu kuliko filamu. Wewe toa tu mikono na ungoje. Hesabu mpaka kumi. Nafikiri ataelewa.

Halafu rudisha mkono moja juu ya kichwa, usukume chini pole pole. Imeisha.

Nimejaribu na Dan. Alicheka mpaka tuta ya tano, halafu akawacha kucheka.

Pole kwa kazi nyingi. Kama ni ujinga, choma hii karatasi.

Thuo


Ngara
Alhamisi, 20 Machi

Thuo,

Karatasi nyingine iliyo ndani ya hii bahasha ni ya Norman. Mpe sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Inasema kipande ni chako, storibodi yangu itupwe, na asiniulize tena.

Umempa? Sawa.

Jana alasiri Komal alikuja akakaa nyuma yangu. Nilidhani ni dawa. Akanishika kichwa akaanza kunisukuma huku na huku, nikamwambia wewe mtoto umerukwa na akili? Akaendelea tu. Tuta la tatu nikajua ni wewe.

Sasa nikwambie kilichotokea, kwa sababu hukukiandika na ndicho kitu chenyewe. Mimi nimeshikwa kichwa karibu mwezi mzima. Nashikwa nikilishwa, nikioshwa, nikiwekewa dawa. Mikono ya Komal naijua. Kuanzia tuta la tano haikuwa tena inaigiza barua yako. Ilikuwa yake. Alipotoa mikono niliogopa, Thuo. Nilikaa hapo kwa giza langu na vigae vinne, na hakuna mtu aliyenishika, na nikataka kugeuka nimwone kuliko nilivyotaka kitu chochote mwaka huu. Sikuweza kugeuka. Nikaskia anavuta pua.

Halafu akarudisha mkono. Ulikuwa hauna nguvu. Ulinigusa tu. Na mimi ndiye niliinama zaidi. Alikuwa hataki nione, na mimi nikamwachia asionekane.

Nilipoinama nikamuuliza, "Jicho halirudi, sivyo?" Akasema, "Hapana, Masi." Daktari alikuwa amemwambia tangu Ijumaa na alikuwa amebeba peke yake, na soksi zake.

(Ni kweli. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kumwambia. Asante, Thuo. Siku nzuri haikuwa inakuja.)

Usianze kulia kwa karatasi. La kushoto ni zima na nitaona filamu zako nyingi nalo. Lakini kama ningeambiwa na daktari, mezani, taa juu, ningekasirika mwaka mzima. Nimeambiwa na mikono. Nashukuru. Sijui nikulipe na nini hiyo, kwa hivyo nakulipa na masahihisho.

Umekosea mahali pamoja. Mwisho, umeandika mama anasukuma kichwa chini. Usimsukume. Mkono wa mama urudi, utulie tu juu ya nywele, usifanye kitu. Na kamera ishuke yenyewe. Wangeci ainame mwenyewe. Ameshajua, na anamwachia mamake siri yake mpaka kesho. Hiyo ndiyo zawadi mtoto wa miaka tisa anaweza kutoa, na hakuna kamera ya mlangoni ingeiona.

Uichore polepole kabisa. Usiogope watu wachoke.

Tara


Nairobi
Jumapili, 30 Machi

Madam Tara na Komal,

Najua Norman amewapigia, lakini yeye alikuwa amekaa mbele na skrini ndio alikuwa anaangalia. Mimi nilisimama nyuma kwa mlango, mahali naona vichwa. Kwa hivyo hii ni ya vichwa.

Ukumbi ni ule mdogo wa huko tauni, viti kama mia moja, na vilijaa. Waringa alikuja na wenzake wote watatu, wamefunga kibanda Jumamosi mchana, hiyo si kitu ndogo. Walikaa katikati. Alikuwa ameambia kila mtu karibu na yeye kwamba yeye ndiye mwalimu, na ni kweli, jina yake iko mwisho wa filamu na ya kwako. Dan ndiye alimwandika, mimi nilikuwa nimesahau.

Kipande ya kusukwa ikaanza. Mara ya kwanza mama akasukuma kichwa kushoto, watu wakacheka kidogo. Walijua. Mwanamke moja akashika shingo yake. Hapo mbele kuna baba moja alikuwa anaangalia simu, akaiweka.

Tuta ya tano kicheko ikaisha. Nilisikia mtu wa kuuza njugu huko nje.

Mikono ikatoka. Kamera ikakaa. Halafu ikaanza kupanda, magoti, leso, kidevu ya mama, na mimi nikaona vichwa vyote kwa ukumbi vinapanda nayo. Wote, Madam. Watu wazima wamekaa wanainua kidevu kumtafuta mtu hayuko. Waringa aliinuka kutoka kwa kiti ata.

Mkono ikarudi, ikatulia kwa nywele. Haikusukuma. Nilifanya venye ulisema, nikaichora sekunde tisa, Norman akaniomba nipunguze ikuwe tano, nikakataa. Mara ya kwanza nimekataa kitu hapo kazini. Akasema sawa.

Na Wangeci akainama mwenyewe.

Sikuangalia skrini hapo. Niliangalia mbele yangu. Yule baba wa simu ndiye wa kwanza. Kichwa yake ilishuka pole pole mpaka nikaona ukosi wa shati yake. Halafu mama karibu naye. Halafu Norman. Halafu safu yote ya Waringa, ka wamepangwa, hao ambao kazi yao ni kuinamisha wengine. Hakuna mtu alikuwa amewagusa. Ukumbi mzima ulikuwa shingo tupu, na kwa dakika ivi hakuna ata mmoja alikuwa anaangalia filamu.

Nimekuwa naangalia watu maisha yangu yote juu naogopa kuongea nao. Sikuwai kufikiria wanaweza kufanya kitu moja pamoja juu ya kitu nimechora.

Taa ikawaka. Hawakupiga makofi haraka. Waringa ndiye alianza, akasema kwa sauti, "Hapo sasa. Huyo amesukwa."

Daktari akikuruhusu kuangalia na la kushoto, nitakuja Ngara na kompyuta, Komal atuwekee kiti mbili. Ukitaka nitanyamaza.

Komal, asante kwa mikono yako.

Madam, asante kwa kiti na dirisha, lakini zaidi asante kwa kuniambia nisimsukume.

Thuo